Sindano ya utosini: uchambuzi wa kisa cha mwana wa mfalme wa Guo

Mwana wa mfalme wa Guo, nchi ndogo ya China ya kale, alikata roho alfajiri, jogoo wanawika. Haijatimia nusu siku, mpita njia akasimama kwenye lango la ikulu akasema kwamba anaweza kumwinua. Mpita njia huyo ni Bian Que, tabibu ambaye Wachina wanampa heshima ya mwanzilishi wa upimaji wa mshipa, na kisa chake kimo katika sura ya 105 ya Shiji, historia kubwa aliyoiandika Sima Qian wa dola ya Han na kuimaliza karibu mwaka 91 K.K. Mgonjwa alichomwa sindano, akakandwa, akanyweshwa dawa ya kuchemsha, na baada ya siku 20 akawa mzima.

Wanaofundisha tiba ya sindano, yaani akupancha, kama njia ya kiroho yenye mizizi katika Udao, falsafa na dini ya kale ya China, hupenda sana kukitaja kisa hiki. Kwao huu ni ushahidi kwamba sindano ikishikwa na mtu aliyefika, roho iliyotoka hurudi. Naheshimu mapenzi yao kwa kisa, ila naona wanaushika upande usiofaa. Udao upo humu, tena mwingi, lakini muujiza si mahali pake. Tutafute kwenye maswali ya tabibu, kwenye mpangilio wa matibabu, na kwenye lile neno alilolisema watu walipoanza kumsifu.

Langoni

Bian Que alipoingia Guo alikuta mji umesimama. Watu wote wamo kwenye matambiko ya kuondoa balaa, kazi nyingine zimewekwa kando. Langoni akamkuta ofisa wa nyumba ya mwana wa mfalme, mtu mwenye hamu ya mambo ya dawa. Akamwuliza: mwana anaumwa nini, hata nchi nzima ikaacha shughuli zake ikashika kafara?

Ofisa hakuwa mjinga. Alijibu kama mtu aliyesoma: damu na chi ya mwana zimekosa mwendo wake, zimesongamana bila pa kutokea, zikalipuka nje na kuumiza ndani, roho yake haikuweza kuizuia chi mbovu, chi mbovu ikajaa, yang ikalegea na yin ikakaza, naye akaanguka ghafla akafa. Kwa asiyeizoea lugha hii, chi ni nguvu ya uhai ambayo matabibu wa Kichina wanasema hutembea mwilini pamoja na damu. Yang ni upande wake wa joto na mwendo, yin upande wa baridi na utulivu.

Amekufa tangu lini? Tangu jogoo walipowika hadi sasa. Ameshatiwa jenezani? Bado, nusu siku haijafika.

Mtu yeyote aliyewahi kuingia nyumba ya msiba anajua jinsi swali la namna hiyo linavyoweza kumfukuzisha mgeni. Bian Que aliliuliza hata hivyo, kwa sababu jibu lake ndilo lililobeba kila kitu. Mwili ungali wazi, muda ni mfupi, maradhi yamekuja ghafla. Ndipo akajitaja jina na kwao, akasema yuko tayari kumwinua.

Ofisa akamjia juu: Bwana, usije ukawa unatupiga porojo. Akamtajia Yu Fu, tabibu wa zamani za kale ambaye husimuliwa kwamba hakuhitaji dawa za kuchemsha wala vijiwe vya kuchomea. Alipasua ngozi, akafungua nyama, akaosha matumbo. Kama ufundi wako umefika huko, sawa. Kama haujafika, hata kitoto kinachoanza kucheka huwezi kukidanganya.

Bian Que akatazama mbinguni, akashusha pumzi. Akamwambia kwamba elimu yake ni ya mtu anayeitazama anga kwa tundu la bomba. Yeye hahitaji kusubiri kupima mshipa, kutazama rangi ya uso wala kusikiliza sauti. Akiusikia upande wa nje wa ugonjwa, anaujua wa ndani. Huniamini? Ingia ukamtazame. Utasikia masikio yake yanavuma, utaona pua zake zimetanuka, na ukipapasa mapajani kwa ndani, kupanda juu, utakuta kungali na joto.

Hapa tabibu anajisifu, wala tusimfichie. Hata hivyo, majigambo yake yana kitu ambacho majigambo ya waganga wengi hayana: ameweka dalili tatu zinazoweza kukaguliwa na mtu anayempinga, na ameziweka kabla hajagusa chochote. Zikikosekana ataaibika papo hapo. Ofisa aliposikia, macho yalimtoka hata kope hazikupepesa, ulimi ukakwama juu, akakimbilia ndani. Mfalme mwenyewe akatoka hadi lango la kati, machozi yanamtiririka, akasema bila tabibu huyu mwanawe angeishia kutupwa mtaroni.

Wenye mtazamo wa kiroho wana hoja yao hapa, na ni hoja nzito kuliko wanavyoieleza. Sima Qian anaanza sura hiyo kwa kusema kwamba Bian Que alipokuwa kijana mwenye kusimamia nyumba ya wageni alipewa dawa na mzee wa ajabu aitwaye Chang Sangjun. Aliinywa siku 30 kwa maji ambayo hayajagusa ardhi, akawa anaona watu walio upande wa pili wa ukuta, na ndani ya miili ya wagonjwa anaona mafundo ya viungo vitano. Upimaji wa mshipa ulibaki jina tu la kuwaambia watu. Kwa hiyo, wanasema, pale langoni alikuwa anamwona mgonjwa kupitia kuta za ikulu.

Inawezekana Sima Qian alitaka tuamini hivyo. Lakini mtu anayeona kupitia ukuta hana sababu ya kuuliza amekufa tangu lini, wala kama jeneza limeshafungwa. Maswali yamo kwenye maandishi, na yanafanya kazi. Ukiyaondoa, dalili zile tatu zinabaki uganga. Ukiyaacha, zinakuwa hitimisho la tabibu anayejua aina fulani ya kuzimia na aliyekwisha kuthibitisha kwamba muda bado unaruhusu.

Mwana hajafa

Aliyoyaeleza kwa mfalme ni marefu na yana mikondo mingi ndani yake, yaani njia ambazo chi hupita mwilini. Kwa ufupi, ugonjwa unaitwa shijue, mzimio unaomfanya mtu afanane na maiti. Yang imeshuka ikazama ndani ya yin, yin imepanda juu, na mahali zinapokutana pameziba. Rangi imeondoka, mishipa imevurugika, mwili umetulia kama wa mfu. Kisha likaja neno fupi ambalo kwangu ndilo uamuzi wote wa kitabibu: mwana wa mfalme hajafa.

Matabibu wa leo hupenda kubahatisha ilikuwa nini hasa. Sidhani inafaa. Maandishi hayasemi alikula nini, alianguka wapi, wala alikuwa na umri gani. Tunachoweza kusema ni kwamba mtu mwenye pua zinazotanuka anapumua, na mwenye joto mapajani damu yake bado inazunguka.

Matibabu yalikuja kwa hatua. Bian Que alimwamuru mwanafunzi wake Zi Yang anoe sindano kwenye jiwe, ili kupata mahali panapoitwa yang tatu, makutano matano. Huangfu Mi, aliyekusanya elimu ya sindano katika karne ya 3 na kuhesabu nukta 349 mwilini, yaani mahali pa kuchomea, analitaja jina hilo kuwa jina jingine la nukta ya Baihui, na hivyo ndivyo ilivyofahamika tangu hapo. Baihui iko utosini. Ili kuipata, kunja masikio mbele, weka vidole kwenye ncha zake za juu, kisha vipandishe vyote viwili hadi vikutane kwenye mstari wa katikati ya kichwa; mara nyingi utahisi kibonde kidogo chini ya kidole. Sindano ya leo, nyembamba kama unywele mnene, haisimamishwi hapo. Inalazwa chini ya ngozi ya kichwa, na mgonjwa mara nyingi husema anahisi uzito au kitu kinachovuta. Sindano ya Zi Yang ilikuwa nene zaidi kwa vyovyote, maana ilinolewa kwa jiwe.

Kwa nini utosi? Kwa nadharia ile ile ya Bian Que, yang imezama chini, na utosi ndio mahali pa juu kabisa ambapo mikondo ya yang hukutana. Ukitaka kitu kilichozama kipande, ita kutoka juu.

Baada ya muda mwana akazinduka. Mwanafunzi wa pili, Zi Bao, akachemsha mchanganyiko wa dawa na kumkanda chini ya mbavu, upande huu kisha ule. Mwana akaketi. Kisha dawa za kunywa za kuisawazisha yin na yang, siku 20, ndipo akarudia hali yake.

Wapenzi wa sindano husoma hadi pale alipozinduka na kufunga kitabu. Lakini sindano ilifanya sehemu moja tu. Joto la mkando ndilo lililomketisha, na chungu cha dawa kikakaa motoni karibu wiki tatu. Wanafunzi wawili wametajwa kwa majina, kila mmoja na kazi yake. Hii ni kazi ya watu wanaojua wanachokifanya kwa mpangilio, na kama kuna roho ndani yake, iko ndani ya mpangilio huo.

Aliyekataa sifa

Habari zilienea. Watu wakasema Bian Que anafufua wafu. Naye akajibu kwamba hawezi kufufua mfu. Huyu alikuwa mtu wa kuishi mwenyewe, yeye amemsaidia kuinuka tu.

Kwa hili jibu, sijui kwa nini mtu ahangaike kutafuta Udao kwenye ukuta unaoonekana upande wa pili. Sura ya 64 ya Laozi, kitabu cha msingi cha Udao, inasema mwenye hekima huisaidia asili ya vitu vyote wala hathubutu kutenda kwa kulazimisha. Jibu la Bian Que ni maneno hayo hayo yakiwa yamevaa nguo za kazi. Uhai ulikuwa wa mgonjwa. Tabibu ameondoa kizuizi.

Wala ukaribu huu wa Laozi na tiba haujabuniwa na watu wa leo. Mwaka 1973 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi la tatu la Mawangdui, Changsha, lililofungwa mwaka 168 K.K. Ndani yake walikuta nakala mbili za Laozi zilizoandikwa kwenye hariri, na humo humo maandishi ya tiba yanayoieleza mikondo 11 ya mwili, pamoja na mchoro wa watu wanaofanya mazoezi ya kuvuta na kunyoosha chi. Mtu mmoja alizikwa na vyote hivyo. Jambo la kushangaza ni kwamba maandishi yale ya mikondo hayataji sindano. Tiba yake ni kuchoma moksa, yaani majani makavu ya jamii ya pakanga yanayowashwa karibu na ngozi au juu yake. Mikondo ilijulikana kabla ya sindano kupewa ramani yake.

Maandishi yanayoiweka sindano katikati yalikuja kukusanywa baadaye, chini ya jina la Mfalme wa Manjano. Humo ndimo msingi wa kiroho wa kazi hii ulipo, na ni mkavu kuliko wengi wanavyotarajia. Sura ya 25 ya Suwen, sehemu ya kwanza ya mkusanyiko huo, inasema ukweli wa kuchoma sindano ni kuiweka sawa roho kwanza: tabibu awe kama amesimama ukingoni mwa shimo refu, mkono uwe kama umemshika chui milia, roho isihangaike na kitu kingine chochote. Lingshu, sehemu ya pili ya mkusanyiko huo, inafungua kwa kusema kwamba fundi wa kubahatisha hushika umbo, bingwa hushika roho. Roho hapa ni kitu kinachoonekana: nuru ya macho ya mgonjwa, mwitikio wake mkono wako unapomgusa, na kwa upande wa tabibu, umakini ambao haukatiki.

Zhuangzi, mwanafalsafa wa Kidao, anaupa umakini huo maelezo yake katika sura ya nne ya kitabu chake, anapozungumzia kufunga kwa moyo: usisikilize kwa masikio, sikiliza kwa moyo, kisha usisikilize kwa moyo, sikiliza kwa chi, kwa kuwa chi ni tupu na inavisubiri vitu vije. Mtu aliyewahi kulala juu ya kitanda cha tiba hii anajua tofauti. Kuna anayechoma huku anaongea na simu. Kuna anayeingiza sindano, akanyamaza, ncha ya kidole ikasubiri hadi nyama ya mgonjwa ikaze kidogo kuizunguka sindano, ndipo anaendelea. Wachina wanasema chi imewasili.

Na Suwen haina huruma kwa upande mwingine. Sura ya 11 inasema wanaong'ang'ania mizimu na mapepo huwezi kuzungumza nao juu ya fadhila ya juu, na wanaochukia sindano huwezi kuzungumza nao juu ya ufundi wa juu. Sima Qian mwenyewe anaongeza maradhi sita yasiyotibika. La mwisho kati yake ni la mtu anayewaamini wapunga pepo asiyewaamini matabibu. Kumbuka mji wa Guo ulivyokuwa pale mwanzo, umeacha kila kitu kwa ajili ya kafara. Bian Que hakuwakebehi wala hakuwasimamisha. Aliwapita tu.

Mapepo yanarudi

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema tiba ya sindano iliachana na mapepo mapema, basi. Haikuachana nayo.

Sun Simiao, tabibu wa Kidao wa dola ya Tang aliyekufa mwaka 682 na ambaye Wachina humwita mfalme wa dawa, aliandika mkusanyiko mkubwa wa tiba karibu mwaka 652. Ndani yake kuna nukta 13 za mapepo, za kumtibu mtu aliyevamiwa, na anazianzisha kwa kusema ni maneno ya Bian Que. Tabibu huanza na nukta iliyo chini ya pua, kisha ncha ya kidole gumba chini ya ukucha, na kuendelea. Si lazima zote 13. Baada ya tano au sita mambo huwa wazi. Kama ni pepo kweli, anasema, litajisemea lenyewe na kueleza lilikotoka. Likishasema ukweli, acha.

Msomaji wa pwani yetu ameshatambua. Anayejua kupunga pepo, kuanzia Unguja hadi Lamu, anaijua hatua hiyo: pepo aseme jina lake, aseme anataka nini, ndipo mazungumzo yaanze. Sidai kwamba upande mmoja uliazima kwa mwingine. Nasema tu kwamba Mswahili akisoma ukurasa ule wa Sun Simiao hahitaji kufafanuliwa, na pengine anauelewa kuliko mwanafunzi wa Ulaya anayeusoma leo akidhani ni fumbo la kisaikolojia.

Kwa nini jina la Bian Que liwekwe hapo, jina la mtu aliyewapita wenye kafara bila kugeuka? Kwa sababu lilikuwa jina lenye uzito, na Bian Que wa Sima Qian mwenyewe ana pande mbili, yule wa maswali na yule wa maji yasiyogusa ardhi. Kila kizazi kimechagua wake. Michoro ya mawe ya enzi ya Han iliyopatikana Shandong inaonyesha kiumbe mwenye mwili wa ndege na kichwa cha mtu, ameshika kitu kama sindano mbele ya wagonjwa, na wengi husema huyo ni Bian Que. Tayari wakati huo alikuwa nusu mtu.

Utosi nao uliendelea na safari yake. Mwaka 683 mfalme Gaozong wa Tang aliugua kichwa hata akawa haoni vizuri. Tabibu Qin Minghe akasema achomwe kichwani, damu kidogo itoke. Malkia Wu Zetian, nyuma ya pazia, akafoka kwamba mtu huyu akatwe kichwa, anataka kumtoa damu mfalme utosini. Mgonjwa akakubali mwenyewe. Akachomwa Baihui, akasema macho yangu yameng'aa. Hofu ya malkia haikufa, kwani mwaka 1822 mfalme Daoguang alifuta idara ya sindano kwenye taasisi ya matabibu wa ikulu kwa hoja kwamba sindano na moto havimfai mtawala.

Karne ya 20 ndiyo iliyofagia. Mwaka 1951 daktari Zhu Lian aliieleza tiba ya sindano kwa lugha ya mishipa ya fahamu, na serikali mpya ya China ikaijenga upya kwenye vyuo, yenye mitaala, nukta zenye mipaka, na mapepo yameachwa nje ya mlango. Hiyo ndiyo iliyokuja kwetu. Timu ya kwanza ya madaktari wa Kichina ilifika Zanzibar mwaka 1964, na waliofuata walileta sindano pamoja na vipimo na upasuaji, wakiwa wamevaa makoti meupe. Ndiyo maana Waswahili wengi wanaijua akupancha kama tiba ya hospitali ya mgongo na viungo, na wanashangaa kusikia kwamba Uingereza inafundishwa kwa lugha ya roho.

Huko Uingereza, J. R. Worsley (1923–2003) alifundisha matibabu aliyoyaita mazimwi (dragons kwa Kiingereza), kwa ajili ya mtu aliyeingiliwa na kitu kisicho chake: sindano saba za mazimwi ya nje. Moja utosini, kwenye Baihui, nyingine jozi jozi mgongoni juu, kiunoni na vifundoni. Utosi ule ule wa mwana wa Guo. Wafuasi wake husema dalili mojawapo ni macho, unapomtazama mgonjwa na kuhisi hayuko nyuma yake. Sina tatizo na uchunguzi huo. Macho yaliyofifia ni jambo ambalo Lingshu ingelikubali. Tatizo langu linaanza pale mgonjwa wa msongo wa mawazo, au wa kifafa, anapoambiwa ameingiliwa na kisha asiulizwe tangu lini, ilianzaje, anatumia dawa gani.

Je, nukta yenyewe ina kazi gani? Ujerumani walifanya jaribio kubwa la maumivu ya mgongo, wagonjwa 1,162, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Baada ya miezi sita, waliochomwa kwenye nukta za Kichina waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6. Waliochomwa juu juu, mahali pasipo nukta, asilimia 44.2. Waliopewa tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi, asilimia 27.4. Wenye kejeli husoma namba mbili za kwanza wakasema nukta ni hadithi. Wenye dini ya sindano husoma ya kwanza na ya tatu wakasema tumeshinda. Mimi nasoma zote tatu: kuna kitu kinachomsaidia mgonjwa wa mgongo aliyelala nusu saa chini ya mkono wa mtu anayemjali, na kitu hicho hakitegemei sana ramani. Mwandishi wa Suwen, aliyeiweka roho mbele ya nukta, asingeshtuka.

Lakini mgongo ni mgongo. Hakuna anayepaswa kuchukua namba hizo, au kisa cha Guo, akabaki nyumbani na mtu aliyezimia huku akitafuta kibonde cha utosi. Bian Que alikuwa ndiye hospitali ya siku ile. Hakukuwa na gari la kumpeleka mwana kwingine.

Kinachokosekana kwenye faili

Kisa hiki kina ufa, na uchambuzi usioutaja si uchambuzi. Nchi ya Guo ilivamiwa na kumezwa na nchi ya Jin mwaka 655 K.K. Sura ile ile inamfanya Bian Que amchunguze Zhao Jianzi, bwana mkubwa wa Jin aliyeishi zaidi ya miaka 150 baadaye. Mtu mmoja hawezi kuwa amefanya yote mawili. Inaelekea jina hilo lilikusanya visa vya matabibu wengi, na kila kizazi kikaongeza chake. Mgonjwa wa Guo naye hana jina. Hatujui kama alitawala, kama aliugua tena, kama alizaa.

Sima Qian alijua jinsi faili kamili inavyofanana, maana aliiweka kwenye sura hiyo hiyo, mara tu baada ya Bian Que. Ni ya tabibu Chunyu Yi, aliyehojiwa na mfalme Wen wa Han katika karne ya 2 K.K. na kutakiwa aeleze wagonjwa wake. Akaeleza visa 25: jina au cheo, anakokaa, alilalamika nini, mshipa ulisemaje, alipewa nini, ikawaje. Baadhi walikufa, naye amewaandika. Wanaofundisha kiroho hunukuu nusu ya kwanza ya sura hii na kuiruka ya pili, ambayo haina kuta zinazoonekana upande wa pili wala mzee mwenye dawa ya siku 30.

Karibu na mwisho wa mahojiano mfalme anamwuliza kama katika kupima magonjwa na kuamua nani ataishi na nani atakufa, huwa hakosei kabisa. Chunyu Yi anajibu kwamba kila mgonjwa humpima mshipa kwanza, ambaye mshipa wake unapingana na uhai hamtibu, na moyo wake usipotulia vyema kwenye mshipa, hukosea mara kwa mara. Hawezi kupatia yote.